Sauti Iliyobaki Bondeni

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana kifua hiki hakina tena nguvu ya kuwafikia mliokaa mlangoni, na mie sitaki kesho mmoja aseme Mzee Abdala alisema hivi na mwingine aseme alisema vile. Saadi, wewe ndiye mkubwa, kaa huku kichwani. Nasma, kaa huku huku, upande ule ule wa kaka yako, na usinikunjie uso, leo si siku yake. Sikujua, mwanangu wa mwisho, acha kunikanda miguu, haisikii kitu, nishike mkono tu. Na huyo aliyesimama barazani, anayejifanya amepita kunijulia hali, mwambieni aingie. Ndiyo, Khamisi. Jirani yangu na aingie akae mkekani, kwani na yeye yumo katika haya nitakayoyasema.

Dirisha liacheni wazi. Najua mnataka kulifunga kwa sababu upepo wa bondeni unanitia kikohozi, na najua pia mnataka kulifunga kwa sababu ya ile sauti. Acheni. Ndege wameshashuka kwenye mpunga asubuhi hii na mashine imeanza kazi yake, nimeisikia tangu nilipomaliza kuswali kitandani: "Hoo! Hoo! Tokeni huko!" Sauti nzito, ya mwanamume mwenye mapafu mazima. Sauti yangu. Mie mwenye sauti nimelala hapa nawanong'oneza, na sauti yangu iko kule bondeni inafukuza kwelea kwelea, haikohoi wala haiombi maji. Kama mnaona inachekesha, chekeni, hata mama yenu angecheka. Mie nimejaribu nikashindwa.

Yaliyo ya sharia yatakwenda kisharia. Mikorosho ya Kibiti, nyumba hii, mtumbwi, shamba la bondeni na dungu lake, vyote shehe atawagawia, kila mtu na fungu lake kama Mungu alivyolipanga, na mtu asije akasema baba alimnong'oneza kuwa kile ni chake. Redio yangu nampa Sikujua leo, nikiwa hai, ni zawadi na si urithi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinitafutia taarifa ya habari mikono yangu ilipoanza kutetemeka. Hayo ni mepesi. Kuna kitu kimoja tu ambacho kimemshinda shehe. Nilipomuuliza, "Shehe, sauti ya mtu ikibaki duniani baada yake, anairithi nani?" alishika ndevu zake akaniambia atauliza Dar es Salaam, na mpaka leo anauliza. Serikali ya kijiji nayo ikakaa kikao, wakabishana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, wakaamua kwamba sauti ni ya mwenyewe, basi mwenyewe aseme kabla hajafa. Ndiyo maana mnapishana mlangoni kwangu, mmoja akiingia mwingine anatoka. Saadi anataka nitoe ruhusa sauti ibaki. Nasma anataka nitamke mbele ya mashahidi kwamba ifutwe. Na mie mmeniona, nageukia ukutani najifanya nimelala.

Leo sijifanyi. Nitalisema tangu mwanzo, kwa sababu wajukuu zangu wanalisikia jambo hili vipande vipande, kwa Saadi wanapewa kipande chao na kwa Nasma kipande chao, na hakuna anayewapa zima.

Ninyi wajukuu mliozaliwa huku juu hamjui dungu. Mpunga ukianza kutia maziwa bondeni, ndege hawampi mtu nafasi hata ya kunawa uso, na wakipumzika ndege wanakuja nyani, na wakiondoka nyani wanakuja nguruwe. Kwa hiyo sisi watu wa mto tunajenga kibanda juu ya miti mirefu, chini yapite maji au apite mnyama, juu akae mtu na chungu chake aamie shamba, akipiga kelele, akirusha udongo kwa kombeo, akivuta kamba zenye makopo, tangu jua linachomoza mpaka linazama. Shamba kwa shamba, dungu kwa dungu, na hamwonani kwa ajili ya matete, mnasikiana tu. Basi tunaitana. Unaita, "Hoo, Khamisi!" naye anajibu, "Nipo!" ukajua ni mzima, ukaendelea na ndege wako. Lakini mtu akipatwa na jambo, awe ameumwa na nyoka au ameshikwa na uchungu wa kuzaa, anaita, "Jamani!" na wa kwanza kusikia anajibu, "Naja!" Neno hilo si la mchezo. Ukishalisema umeliacha shamba lako kwa ndege, unashuka, unakwenda. Na wengine wakisikia limesemwa wanabaki kwenye madungu yao, kwa sababu tukishuka sote chakula cha mwaka mzima kitaliwa kabla hatujarudi. Mmoja amejibu, mmoja anakwenda, basi. Katika maisha yangu yote sikumbuki mtu aliyejibu asiende.

Mie habari za kesho nimeletewa mara nyingi, wanangu, mpaka nimechoka kushtuka. Tulikuwa tunaishi kule kule bondeni, na watoto wetu, na makaburi yetu, wakaja watu na ramani wakasema kesho yenu iko huku juu, wataalamu wamekwisha panga, pakieni vyombo. Nililia kama mtoto. Lakini huku juu ndiko Saadi alikosoma, na huku juu ndiko Sikujua alikochanjwa surua mwaka ambao watoto wa waliokimbilia mbugani waliisha. Sasa niseme wale watu walitukosea au walitupatia? Baadaye ikaja ruksa, ushirika ukafa kifo cha taratibu, korosho ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye lori, mitumba ikatuvisha sote mpaka imamu, na mwekezaji akapewa lile bonde lililopakana na letu alime mpunga kwa matrekta. Kila mara nilisimama pembeni na mikono yangu nyuma. Hakuna aliyeniuliza, na hata kama angeniuliza sijui ningemwambia nini.

Wewe Saadi ulikuwa umesoma mambo ya umeme Dar es Salaam, mwekezaji akakuchukua, nasi tukafurahi kwa sababu umerudi nyumbani na mshahara na suruali yenye mstari wa pasi. Ukaja na kompyuta. Ukaifungia kwenye kibanda cha bati kule mpakani, na jenereta lake, na nguzo zenye masikio ya kusikilizia na spika za kupigia kelele. Ukanikalisha kwenye kiti ukanieleza, na mie nilikuwa nakutazama mdomo zaidi ya kusikiliza, kwa raha ya kuona mtoto wangu anajua jambo. Ulisema, "Baba, nyani akisikia mtu mmoja anapiga kelele anajua ni mmoja, anazunguka upande wa pili. Akisikia wawili wanajibizana, anakimbia." Kweli tupu, mtu yeyote wa bondeni anajua hivyo. Kwa hiyo mashine ikafundishwa kusikia. Ikisikia ndege inafukuza, na ikisikia mtu anaita kutoka dungu, inamjibu, ili wanyama waone shamba limejaa watu.

Na ulitaka sauti ya mtu ambaye wanyama wa hapa wanamjua. Ukaniambia, "Baba, sema maneno yote ya dungu, usiache hata moja." Nikayasema. Nikasema tokeni, nikasema nipo, nikasema naja, kwa sababu ndiyo maneno yenyewe. Mama yenu Mwanamina alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiuno, machozi yanamtoka kwa kicheko, anasema nanguruma kama bwana harusi aliyecheleweshewa pilau. Hakuna kati yetu aliyefikiri, wewe wala mie wala yeye. Tulikuwa na furaha siku ile, na sikatai kwamba ilikuwa furaha ya kweli.

Na msimu ule wa kwanza tulivuna. Asije mtu hapa akasema mashine ile haikuwa na faida, Nasma, hata wewe ulikula wali wake. Mama yenu kwa mara ya kwanza tangu nimwoe alilala mchana wakati wa ndege. Alikuwa akiitania, akisema amepata mume wa pili mwenye sauti ya wa kwanza, asiyedai kupikiwa. Asubuhi akipanda dungu anaiita, "Hoo, Mzee Abdala!" nayo inamjibu, "Nipo!" na mie nimekaa naye hapo hapo namenya muhogo. Tukacheka sote wawili.

Nipe maji kidogo, Sikujua. Kidogo tu. Haya.

Siku ile ya mwaka jana nilikuwa Ikwiriri kupimwa kifua hiki hiki. Mama yenu alikwenda bondeni peke yake, na ngazi ya dungu ilikuwa na umande, mguu ukateleza akiwa juu kabisa, akaangukia kisiki. Nyonga ilivunjika, na damu ikawa inamwagika ndani bila kuonekana, ndivyo mganga wa zahanati alivyotueleza baadaye. Hakuweza kuinuka. Akaita kama alivyofundishwa na mama yake na bibi yake. Akaita, "Jamani!" Na kutoka kwenye nguzo, kwa sauti yangu, akajibiwa, "Naja!"

Khamisi, usiiname. Inua uso, ndugu yangu, hili nalisema kwa ajili yako pia.

Khamisi alikwisha weka mguu kwenye ngazi yake ashuke, ndipo aliponisikia nikijibu. Alijua kwamba ipo mashine, ndiyo, tulijua wote. Lakini masikio ya mtu aliyekulia dungu yakisikia "naja" yanapumzika yenyewe, kabla akili haijauliza ni nani aliyesema. Akarudi juu kwa ndege wake. Mwanamina akaita tena, nayo ikajibu tena. Akaita, ikajibu. Jua likapanda, likapinda, anaita na inajibu, na Khamisi aliniambia mwenyewe, analia mbele ya watu bila kujificha, kwamba ilifika mahali akatabasamu, akasema moyoni, leo mzee na mkewe wana mazungumzo marefu.

Alasiri akapita dunguni kwetu kuomba moto wa sigara, akamkuta Mwanamina pale chini. Alikuwa hai. Khamisi akapiga magoti kwenye tope akamwambia, "Dada, nilisikia umejibiwa." Naye akamwambia, "Nami nilisikia." Khamisi akaita watu. Wakamfunga kwenye kitanda cha kamba wakambeba kwenda zahanati ya Mkongo, akakata roho njiani, na mie nikashuka kwenye gari la kutoka Ikwiriri na kifurushi changu cha dawa, nikakuta wanawake wamejifunga kanga viunoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuniambia.

Nami nilisikia. Mwaka mzima nimelala na maneno hayo. Mwanamina alijua niko Ikwiriri, alijua ni nguzo ile inayojibu, hakuwa mjinga. Na bado nadhani, Mungu anisamehe kwa kudhani, kwamba kila ilipojibu alingoja kidogo. Mtu aliye na maumivu akiambiwa "naja" na sauti ya mumewe, hata kama anajua, anangoja. Hilo linanitafuna zaidi ya hiki kifua.

Hata arobaini haijatoka, Nasma ulichukua panga ukashuka bondeni kuzikata zile nguzo, na Saadi ukasimama mbele yake ukamwambia aanze na wewe. Watu wazima wakawatenganisha kama watoto wanaogombania uwanja wa mpira. Tangu siku ile hamjala sinia moja. Idi ilikuja ikapita, mmoja akaja asubuhi na mwingine akangoja mwenzake aondoke, na watoto wenu wanapishana njiani hawasalimiani. Nilimpoteza mama yenu, kisha nikawapoteza na ninyi nikiwatazama.

Nayajua mnayoyasema, nimeyasikia mpaka nayaota. Wewe Saadi unasema kosa la mashine halikuwa kujibu, kosa lilikuwa kutoelewa. Unasema zinakuja nyingine ambazo zitajua kilio cha maumivu kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, zitajifunza zenyewe bila kufundishwa neno kwa neno, hazitachoka, hazitasinzia, na mto ukitaka kufurika zitajua kabla maji hayajafika Mloka, na mtoto akiugua mahali pasipo daktari zitamwambia mama yake dawa. Unasema yaliyomwacha mama afe ni masikio ya binadamu yaliyoamini kitu bila kwenda kuhakikisha, na dawa yake ni mashine bora zaidi. Unalisema hilo na machozi yanakutoka, na najua usiku hulali, unachezea vyuma vyako kwa sababu unadhani ukiweza kuitengeneza ile mashine vizuri utakuwa umemrudisha.

Na wewe Nasma, unayewafundisha watoto Kurani kule Kibiti, unasema siku mashine itakapoelewa kilio sawasawa, hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote, maana siku hiyo hakuna mtu atakayeshuka tena kwenye dungu lake. Ikikosea watu watakufa, na isipokosea watu watasahau kwenda. Unasema binadamu akishazoea kujibiwa na kitu kisichomwonea huruma, atazoea na yeye kutomwonea mtu huruma, na siku tutakayoulizwa habari za jirani zetu hatutasema tulikuwa na kompyuta. Ulinisomea na aya. Nilikubali kwa kichwa, na aya ni haki.

Lakini nikimsikiliza Saadi naona anasema kweli, na nikimsikiliza Nasma naona anasema kweli, na hapo ndipo mnaponikasirikia, kila mmoja anadhani nampendelea mwenzake. Mnafikiri mtu akikaribia kaburi anafunuliwa kitu. Sijafunuliwa chochote, wanangu. Nawatazama tu kama nilivyoitazama ramani ya wale waliotupandisha huku juu. Yule mtaalamu wa kigeni wa kampuni alikuja kuhani msiba, mnakumbuka, alivua viatu akakaa mkekani na miguu yake mirefu isiyokunjika, nikamuuliza kupitia kwa Saadi, hizi mashine mwisho wake nini? Akasema hajui. Akasema huko kwao wakubwa wao wanabishana, wengine wanasema zitatufikisha mahali hakuna maradhi wala jembe, wengine wanasema zitatuzidi akili zituweke kando kama sisi tulivyowaweka punda. Alikuwa mtu mkweli, nilimpenda. Nikamuuliza, sasa kama hamjui, mbona mnaendelea kuzitengeneza? Hukulitafsiri hilo, Saadi. Nilikuona. Ulimmiminia chai.

Sikulaumu. Pengine na mie ningemimina chai.

Sasa sikilizeni, na Nasma, nakuomba ukae, hili hujalisikia. Juzi ulipokwenda kisimani nilimwita kaka yako. Nilikuwa nimeamua. Si kwamba nilikuwa nimeelewa, nilikuwa nimechoka tu, nikasema heri nimpe mmoja wao furaha kabla sijaondoka. Nikamwambia, Saadi mwanangu, futa ile sauti, nikizikwa nizikwe nayo. Akainamisha kichwa akaniambia ukweli, na kwa ukweli huo namshukuru. Sauti yangu haiko kwenye nguzo ile tu. Waliiweka kwenye disketi, na disketi zikatolewa nakala, zimekwenda Dar es Salaam, zimekwenda nje ya nchi kwa wenye kampuni, na mwezi huu wanaifunga kwenye shamba lao la Mloka, na wanasema watashuka nayo mpaka delta. Anaweza kuifuta ya hapa. Zilizobaki hana mkono nazo, wala mkubwa wake hana, wala hajui ziko kwa nani. Watu ambao sitawaona kamwe watanisikia nikiwafukuzia nyani.

Kaa, Nasma. Kaa chini, mwanangu. Usimpige kaka yako mbele yangu. Saadi, mwache apige basi. Mwache. Haya, imetosha, mshike mikono.

Mnaona? Shehe anauliza Dar es Salaam, kijiji kimekaa kikao, ninyi mmegombana mwaka mzima, na jambo lenyewe lilishatoka mikononi mwetu siku ile ile mama yenu anacheka mlangoni. Hata mie mwenye koo siwezi kuirudisha. Mmeningojea niseme ndiyo au hapana, na nikisema ndiyo inaendelea, na nikisema hapana inaendelea. Nimekuwa na hasira juzi na jana, nimemlaumu Saadi, nimemlaumu mwekezaji, nimemlaumu na Mwanamina kwa kupanda ngazi yenye umande. Leo hasira imeniishia kama zilivyoniishia pumzi. Naogopa tu. Nawaogopea ninyi na hawa watoto wenu, na sijui hata niogope nini, mashine hizi ziwe nzuri mno au ziwe mbaya mno.

Basi sauti siwausii, kwa kuwa si yangu tena. Nawausia ninyi wenyewe.

Mkiisikia sauti yangu inajibu "naja," jueni mie siji. Nitakuwa nimelala karibu na mama yenu na udongo juu yangu. Mmoja wenu ainuke aende. Mpunga uacheni. Hata kama mashine za Saadi zimeshapata akili na kuelewa kila kilio cha dunia, nendeni mkaangalie kwa macho yenu, na mkikuta imeshamsaidia aliyeita, mshukuruni Mungu mrudi zenu. Na wewe Nasma, siku ukikuta kuna mgonjwa na mashine ndiyo inayoweza kumponya, usisimame mlangoni na panga. Sijui kama haya yatatosha. Naona kabisa kwamba hayatoshi, mnanitazama na mnaona kuwa hayatoshi, lakini sina mengine, nimekung'uta mfuko mpaka pindo lake.

Nikifa, msiniweke mpaka watu wa Dar wafike, nizikeni siku hiyo hiyo. Khamisi ndiye atakayeingia kaburini kunipokea, na asije mtu akasema yeye si ndugu wa damu. Nasma, mpe mkono Khamisi. Sasa hivi, niko hapa natazama. Mwaka mzima unampita kama mti. Alisikia alichosikia, na mie ningekuwa kwenye dungu lile ningerudi juu kama yeye. Mpe mkono. Ahsante, mwanangu. Ngazi ya dungu mtaibadilisha yote, msiungeunge. Na Idi hii mtakula sinia moja, hata kama mtakula mmenuniana.

Sikujua, nilaze upande wa kibla. Taratibu. Hapo.

Radhi zangu mnazo nyote, wakubwa kwa wadogo, sijaacha mtu nje. Mwenyezi Mungu awape riziki isiyowagombanisha, awape watoto wenye masikio, awafunulie yale aliyonificha mie. Ewe Mola, nimewaleta mpaka hapa, na mbele sioni. Wachukue wewe. Ukiwa na huruma kwa wasiojua wanakokwenda, hawa ni miongoni mwao. Amina. Semeni amina.

Laa ilaaha...

Ngojeni.

Mmesikia? Kule chini. Kuna mtu ameita. Na ile imejibu, mmesikia, "Naja," imesema naja. Mbona mnatazamana? Saadi, unasema, "Ni mashine, baba, pumzika." Najua, mwanangu. Aliyejibu ni mashine. Aliyeita je?

Nendeni. Wewe na dada yako. Nendeni wote wawili. Mie... niacheni na Sikujua. Nitangoja.